Kifua cha Taifa

Hapo zamani, si za kale sana, kama miezi kumi na minne hivi iliyopita, palikuwa na nchi yenye mto mmoja mkubwa, misitu mingi na wizara thelathini na nane. Jina la nchi hiyo silitaji. Lilibadilishwa mara mbili mwaka jana, na barua ya jina la tatu bado haijanifikia, nami sipendi kukosea jina la nchi yangu mbele za watu.

Nilikuwa Msaidizi wa Vipimo Daraja la Tatu katika Wizara ya Hewa na Vitu Visivyoonekana. Ni wizara nzuri. Kwa kuwa inashughulikia vitu visivyoonekana, hakuna mwananchi aliyewahi kulalamika kwamba hajaiona kazi yake.

Mambo yalianza pale nchi jirani, iliyo ng'ambo ya Mto Rutindi, ilipotangaza redioni kwamba misitu yake imehifadhi kaboni tani milioni arobaini. Waziri wetu, Mheshimiwa Dakta Balthazari Bambaza, alikuwa kwa kinyozi. Inasemekana aliinuka na povu shavuni, akapiga simu redioni, akatangaza kwamba misitu yetu imehifadhi tani milioni hamsini. Kisha akakaa, akamalizia kunyolewa, na njiani kurudi ofisini akamuuliza Katibu Mkuu wake kaboni ni kitu gani.

Nchi nyingine hupima kwanza ndipo zikatangaza. Sisi hutangaza kwanza ili wapimaji wajue wanachokitafuta. Chuoni sikufundishwa njia hii, lakini nakiri kwamba inaondoa wasiwasi mwingi.

Wasiwasi ulirudi ilipokuja barua kutoka Baraza la Bonde la Rutindi. Wakaguzi watatu wangefika baada ya miezi minne, wajionee jinsi tulivyopata milioni hamsini. Wiki hiyohiyo tukatumwa msituni. Tulikuwa watu kumi na watano: maofisa itifaki kumi na mmoja, madereva wawili, mpishi, na mimi. Tepu ya kupimia ilikuwa moja.

* * *

Kupima kaboni ya mti si kazi ngumu. Kaboni yenyewe huioni, lakini mti mnene umebeba nyingi kuliko mwembamba. Unauzungushia mti tepu, unasoma unene, unapiga hesabu. Kitabu cha mwongozo kimeeleza yote katika ukurasa wa nne: "Pima unene wa mti kwenye kimo cha kifua." Chuoni tulielewa kuwa maana yake ni mita moja na sentimita thelathini kutoka ardhini. Wizarani waliuliza kifua cha nani.

Kikao cha swali hilo kilichukua siku tatu. Mimi nilikaa karibu na mlango, mahali ninapopapenda. Siku ya pili niliinua mkono ili niseme habari ya mita moja na sentimita thelathini. Katibu Mkuu, Bwana Hilarioni Sungwa, akanitazama juu ya miwani yake. Nikajikuna sikio, nikaushusha.

Ikaamuliwa kwamba miti ya taifa haiwezi kupimwa kwa kifua cha mtu mdogo. Mheshimiwa Waziri mwenyewe akaletwa msituni na bendi ya polisi. Ni mtu mrefu sana, akisimama unaona kama amewekwa pale kuonyesha njia. Alisimama kando ya mti mmoja baada ya mwingine huku amebana pumzi, nami nikazungusha tepu sawa na pini ya tai yake, wakati mwingine nikiwa juu ya kiti. Baada ya miti mia mbili tulipiga hesabu ya msitu mzima. Tukapata milioni kumi na tisa.

Bendi ikaacha kupiga. Ndipo Bwana Sungwa, aliyezaliwa kijijini na kujua kwamba mti hunenepa kadiri unavyoshuka kuelekea mizizi, akamnong'oneza Waziri kuwa msitu hauna kosa lolote. Kosa ni kwamba kifua cha Mheshimiwa kiko juu mno.

Kwa siku mbili nzima Mheshimiwa alidhani amesifiwa.

* * *

Kambi yetu ilikuwa ukingoni mwa mto, chini ya mvule ambao ndio mti mkubwa kuliko yote katika msitu ule. Ulikuwa wa Bi Nyamizi, au labda yeye ndiye aliyekuwa wa mti. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mmoja, na mizinga yake kumi na miwili ya nyuki ilining'inia katika matawi ya mvule ule. Mzinga wa kwanza ulitundikwa na mumewe juma walilooana. Mume alikwisha kufariki, na sasa Bi Nyamizi alipanda mwenyewe kwa kamba, kifuko cha moshi kikining'inia kiunoni, huku akiwasalimia nyuki kama mtu anayeingia nyumba yenye wageni wengi. Asali hiyo ndiyo iliyomlisha, na ndiyo iliyomvisha.

Maofisa itifaki walimwandikia barua ya kumtaarifu kwamba amekuwa mwenyeji wetu. Aliigeuza huku na huku, akawashia moto wa uji.

Siku moja aliniita nikiwa nafua. Akanipa kipande cha sega na kuniuliza tunachotafuta hasa. Nikamweleza, kwa sababu mbele yake ulimi wangu huwa mwepesi. Nilimwambia kwamba moshi wa magari na viwanda unapanda hewani, na miti huuvuta na kuuficha ndani ya mbao zake.

"Kwa hiyo mti unameza uchafu wetu na kunyamaza nao," alisema.

"Ndiyo, bibi."

"Na ninyi mmekuja kuuliza umemeza kiasi gani." Aliutazama mvule juu hadi chini. "Muulizeni kwa adabu, basi. Angekuwa mke wa mtu angekuwa amekwisha rudi kwao."

* * *

Msako wa kifua cha chini ulifanyika nchi nzima, na hatimaye kikapatikana palepale wizarani, katika chumba cha masijala. Mwenye kifua aliitwa Fulgensi Ntibu. Alikuwa karani wa mafaili kwa miaka ishirini na sita, na ili afikie rafu ya tatu alisimama juu ya kreti la soda. Ndiye mtumishi mfupi kuliko wote serikalini. Pia ndiye aliyekuwa mpole kuliko wote, ila hilo halikuwa katika vigezo.

Bunge lilipitisha Sheria ya Kifua cha Taifa kwa alasiri moja, chai ikiwemo. Kwa mujibu wa sheria hiyo, hakuna chombo chochote kitakachogusa mti kabla Kifua cha Taifa hakijaupima na Msaidizi wa Vipimo kuandika katika fomu kwamba upimaji umekamilika. Kifua kikiwa kazini, atakayekisukuma, kukivuta au kukiinua atafungwa miaka tisa. Kifua hakiruhusiwi kuvaa viatu vya soli nene, kusimama kwa ncha za vidole, wala kujinyoosha kinapoamka. Mkewe aliandikiwa barua asimpe habari njema nyingi kwa mpigo, kwani mtu mwenye furaha husimama wima.

Mzee Fulgensi aliletwa msituni katika gari lenye bendera, na pikipiki nne mbele. Jioni ile alinikuta nimekaa peke yangu, akaketi kwenye jiwe.

"Binti Kandida," alisema, "miaka ishirini na sita walikuwa wananiita Nukta. Leo asubuhi Kamanda wa Polisi amenipigia saluti." Alijipapasa shati. "Kifua ni kilekile."

Kazi ikaanza upya. Mzee Fulgensi akisimama, tulipata milioni thelathini na moja, na bendi ikapiga wimbo mmoja. Bwana Sungwa akamwomba aketi. Milioni arobaini na nne, tukawa tumewapita majirani. Akamwomba alale chali. Kifua chake sasa kilikuwa sentimita ishirini tu kutoka ardhini, tepu ikawa inazunguka mizizi na vichuguu viwili vya mchwa, na tukapata milioni arobaini na tisa na laki tisa. Tukamsubiri atoe pumzi ndipo tupime. Ikaongezeka elfu arobaini.

Zilibaki tani elfu sitini. Mzee wa watu hakuwa na mahali pengine pa kushuka. Mmoja wa maofisa itifaki alipendekeza shimo, lakini Mheshimiwa akasema kwa uchungu kwamba yeye kama Daktari hawezi kushiriki udanganyifu.

* * *

Jumanne, siku nne kabla wakaguzi hawajafika, Bwana Sungwa alifungua kitabu cha mwongozo ukurasa wa themanini na nane. Hapo pameandikwa kwamba njia iliyo sahihi kuliko zote ni kuukata mti, kuukausha na kuuweka kwenye mizani. Katika ukurasa wa themanini na tisa pameandikwa kwamba miti michache tu inatosha, tena midogo, mingine yote iachwe. Bwana Sungwa hakufungua ukurasa wa themanini na tisa. Niliinua mkono. Nikajikuna sikio.

Mheshimiwa Waziri alisimama juu ya kreti la soda la Mzee Fulgensi, ingawa hakulihitaji, akatuhutubia. Alisema dunia ina nchi nyingi zinazojisifu kuwa zina misitu, lakini hakuna hata moja inayojua msitu wake una kilo ngapi. Sisi tutakuwa wa kwanza. Hatutakubali, alisema, msitu huu uendelee kusimama hivihivi bila kujulikana uzito wake. Utapimwa wote, mti kwa mti, kwa mizani ya kupimia pamba. Na kwa heshima, tutaanza na ule mkubwa kuliko yote. Alhamisi, saa nne asubuhi.

Tukapiga makofi. Mimi pia nilipiga, na hadi leo viganja vyangu vinaniona haya.

Jambo moja lilinionyesha jinsi serikali yetu inavyoona mbali. Malori sita ya kubebea magogo yalikuwa yamefika kambini tangu Jumapili, siku mbili kabla uamuzi haujafanyika. Dereva mmoja aliniambia kwamba ni ya shemeji yake Bwana Sungwa, mtu anayependa sana sayansi.

* * *

Nilikwenda kumwambia Bi Nyamizi kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kwenda. Mzee Fulgensi akanifuata. Tulimkuta anafagia chini ya mvule, kama afanyavyo kila siku. Nilisema yote bila kuinua macho. Hakulia. Aliendelea kufagia mpaka akamaliza upande wa mtoni.

"Nyuki hawawezi kuhama Alhamisi," alisema. "Huu ni wakati wa maua. Wana watoto ndani, watawaachaje?"

Nikatazama juu, kwenye mizinga.

"Waombe hao wakubwa zako wasubiri."

"Mimi, bibi? Mimi sisemi kikaoni."

"Una mdomo. Nimekusikia ukiimba unapofua." Alimgeukia Mzee Fulgensi. "Na wewe, Kifua, unanitazama nini? Nasikia una sheria yako peke yako. Mimi mizinga yangu hii kumi na miwili haina hata barua."

Usiku ule, taa ya hema la Mzee Fulgensi iliwaka kwa muda mrefu, nami nilimwona kupitia turubai akisoma karatasi, kidole kikitembea mstari kwa mstari. Aliyekaa masijala miaka ishirini na sita ana ugonjwa mmoja ambao wakubwa wake hawana: husoma karatasi hadi mwisho.

* * *

Alhamisi bendi ilifika kwanza, kisha mizani, kisha vijana sita wenye misumeno ya mashine. Bi Nyamizi aliketi juu ya kinu chake kando, amevaa kanga mpya, kama mtu aliyekuja kuaga msafiri. Juu, nyuki walikuwa kazini.

Kwa kuwa sheria ni sheria, ilibidi mti upimwe kwa kifua kabla haujaguswa na msumeno. Mzee Fulgensi akalala chali kwenye mizizi, akatoa pumzi. Nikazungusha tepu, nikasoma, nikaandika unene katika fomu. Ilibaki nafasi moja tu, ile ya chini: hali ya upimaji. Bwana Sungwa alisema asante, Kifua sasa kinaweza kuinuka.

Mzee Fulgensi hakuinuka.

"Inuka, ndugu."

"Nipo kazini, Katibu Mkuu."

Bwana Sungwa aliamuru vijana wamwinue. Kamanda wa Polisi akakohoa, akatoa nakala ya sheria mfukoni, akasoma kwa sauti kile kifungu cha miaka tisa. Vijana wakaweka misumeno chini na kurudi nyuma hatua mbili. Wa tatu kutoka kushoto akarudi nyuma hatua kumi. Bwana Sungwa alipayuka kwamba upimaji umekwisha, kila mtu ameona tepu. Mzee Fulgensi, macho yake yakiwa kwenye matawi, akajibu kwa upole kwamba hilo si yeye wala Katibu Mkuu anayelisema, ni Msaidizi wa Vipimo, kifungu cha tano.

Wote wakanigeukia. Hata mpigaji tarumbeta.

Mheshimiwa Waziri aliniuliza, bila ukali wowote, kama upimaji umekamilika. Nadhani ndiyo mara ya kwanza alipojua kwamba nina sauti ya kuulizwa. Niliangalia fomu. Nilimwangalia Bi Nyamizi, ambaye alikuwa akiangalia mtoni ili asinitie aibu. Mkono wangu ukaanza kupanda. Ukafika sikioni. Ukapita.

"Bado, Mheshimiwa."

"Kwa nini bado?"

Kwa kweli sikuwa nimefika huko. Nikasema lile neno pekee nililokuwa na hakika nalo.

"Mti bado unakua."

Kijana mmoja wa msumeno akacheka. Bwana Sungwa akasema kwamba huu ni upuuzi wa vyuoni. Lakini mdomo ukishafunguka, ni kama mzinga, ukitoka mmoja wanafuata wote. Nikaeleza kwamba mti ulio hai haupimwi ukaisha. Namba nitakayoandika asubuhi hii, jioni itakuwa ya uongo, nayo itakuwa na saini ya Mheshimiwa. Na nikasema kwamba mti ukishakatwa, namba yake inabaki palepale milele. Ukiachwa umesimama, inapanda.

Mheshimiwa akainamisha kichwa chake kutoka kule juu kilikokuwa.

"Inapanda yenyewe?"

"Yenyewe, Mheshimiwa. Kila mwaka."

"Hata mimi nikiwa nimelala?"

"Hata ukiwa umelala."

Niliona kitu kikimpitia usoni, nacho kilikuwa furaha. Miaka kumi na mmoja alikuwa Waziri, na hii ilikuwa habari ya kwanza ya kitu nchini kinachopanda bila hotuba.

"Inaweza kuwapita majirani?"

"Wakikata yao na sisi tukaacha yetu, lazima."

Bwana Sungwa alijaribu kutaja malori. Mheshimiwa akamwambia kwamba malori yaende mjini yakabebe viti vya wageni. Kisha akaiamuru bendi ipige, na Mzee Fulgensi, akiwa bado chali, akaruhusiwa kuletewa mto.

* * *

Wakaguzi walifika Jumamosi. Walimkuta mtu amelala chini ya mvule akilindwa na polisi wawili, na msichana mwenye tepu mkononi. Waliuliza jumla. Mheshimiwa akasema, "Milioni hamsini, na bado tunapima." Nusu ya pili ya sentensi hiyo ilikuwa kweli tupu, na taarifa nyingi za serikali hazifiki hata nusu. Wakaguzi waliandika kwamba katika bonde zima hawajawahi kuona uvumilivu wa kisayansi wa namna hiyo.

Majirani waliposoma ripoti hiyo hawakukubali kushindwa. Ndani ya mwezi mmoja nao wakatunga sheria, wakalaza vifua vyao chini ya miti, wawili wawili. Sasa kila aliye na msumeno, ng'ambo ya huku na ya kule, anaambiwa asubiri upimaji ukamilike. Bwana Sungwa amehamishiwa Wizara ya Subira, na malori ya shemeji yake yanabeba matikiti.

Mzee Fulgensi hulala saa za kazi tu, saa mbili hadi saa tisa na nusu, na mapumziko ya chakula. Nje ya saa hizo hulazwa koti lake, ambalo kisheria ni sehemu ya kifua. Mkewe amehamia kambini. Humpa habari njema apendavyo, na Kamanda husema hajaona chochote.

Mimi nimebaki Daraja la Tatu, kwani cheo hupandishwa kazi ikikamilika. Kila mwezi nazungusha tepu kwenye mvule, naandika namba, na katika nafasi ile ya chini naandika: unaendelea. Bi Nyamizi huja na sega katika bakuli, husimama nyuma yangu na kuchungulia begani ingawa hasomi.

"Umemaliza, mwanangu?"

"Bado, bibi."

"Na leo?"

"Milimita mbili."

Naye huinua uso kuelekea mizinga kumi na miwili, huweka mikono kando ya mdomo, na kuwatangazia nyuki: milimita mbili. Ndilo tangazo pekee katika nchi yetu ambalo lilipimwa kwanza.